Sekunde Tatu za Munich

Msomaji, bila shaka umepata kuwasikia watu wakitoka uwanjani huku wakisema kwamba timu fulani imeshinda lakini haikustahili. Maneno hayo husemwa kwa wepesi, na aghalabu msemaji ni mshabiki wa timu iliyoshindwa, kwa hiyo hatuyatilii maanani. Lakini iko mechi moja ambayo maneno hayo yamesemwa juu yake kwa uzito kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini, tena na watu wazima wenye akili zao, na wengine wao walikuwapo uwanjani na kucheza. Nayo ni mechi ya mwisho ya mpira wa vikapu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1972, iliyochezwa mjini Munich, katika Ujerumani ya Magharibi, baina ya Marekani na Muungano wa Kisovieti. Warusi walishinda kwa alama 51 kwa 50. Je, walistahili? Nataka tulichunguze swali hilo kwa utulivu, maana wewe na mimi hatuna jamaa katika timu hata moja.

Yatupasa kwanza tufahamu kwa nini alama moja iliwauma Wamarekani kiasi hicho. Mpira wa vikapu ni mtoto wao. Ulibuniwa mwaka wa 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada aitwaye James Naismith, aliyetaka kuwapa vijana wake mchezo wa kuchezea ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Mchezo huo ulipoingizwa katika Olimpiki ya Berlin mwaka wa 1936, Naismith mwenyewe alikuwapo, mzee tayari, akaona Marekani ikiishinda Kanada kwa 19 kwa 8, katika uwanja wa nje uliojaa tope la mvua. Tangu siku hizo Wamarekani hawakushindwa tena. Walichukua nishani ya dhahabu mara saba mfululizo, na walipofika mechi ya mwisho ya Munich walikuwa wamekwisha kucheza mechi za Olimpiki zaidi ya sitini bila ya kushindwa hata moja. Mtu aliyezoea ushindi namna hiyo huanza kuudhania kuwa ni mali yake ya urithi.

Warusi nao walikuwa na hesabu yao. Katika Olimpiki za 1952, 1956, 1960 na 1964 walitwaa nafasi ya pili, kila mara nyuma ya Marekani. Mwaka wa 1968 wakarudi hata nafasi ya tatu. (Nawaita Warusi kwa ufupi tu, kama watu wengi walivyozoea kusema, lakini si sahihi. Nahodha wao wa 1972, Modestas Paulauskas, alikuwa mtu wa Lithuania. Zurab Sakandelidze na Mikhail Korkia walikuwa watu wa Georgia. Na Ivan Edeshko, ambaye utakutana naye punde, alikuwa mtu wa Belarus. Leo hizo zote ni nchi zilizo mbali na Urusi, kwa kuwa Muungano wa Kisovieti ulivunjika mwaka wa 1991.) Kumbuka pia kwamba zama zile zilikuwa zama za Vita Baridi. Mataifa haya mawili makubwa hayakupigana kwa silaha uso kwa uso, lakini yalishindana katika mambo mengine yote: nani atakayefika mwezini, nani mwenye mabomu mengi, nani atakayepata rafiki wengi katika Afrika na Asia, na nani atakayerukia juu zaidi kikapuni.

Kadhalika Munich ya siku zile haikuwa mahali pa furaha. Alfajiri ya tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliingia katika kijiji cha wachezaji, wakawashika Waisraeli mateka. Na mambo yalipokwisha, wanamichezo na walimu kumi na mmoja wa Israeli walikuwa wamekufa. Michezo ilisimamishwa, ibada ya maombolezo ikafanywa, kisha ikaamriwa kuendelea. Kwa hiyo usiku wa tarehe 9 Septemba, wachezaji wa mpira wa vikapu walipoingia uwanjani, mioyo ya watu wengi ilikuwa imechoka. Mechi yenyewe ilianza saa tano na dakika arobaini na tano usiku, ili watazamaji wa televisheni kule Marekani waione kwa saa iliyowafaa. Ilimalizika siku ya pili yake, tarehe 10, watoto wa Munich wakiwa wamelala usingizi mzito.

Timu zenyewe hazikufanana. Wamarekani walikuwa vijana wa vyuo vikuu, kwa kuwa wakati huo wachezaji wa kulipwa walikatazwa kushiriki. Walikusanywa kiangazi kile kile, na kijana aliyekuwa hodari kuliko wote vyuoni, Bill Walton, hakuwamo. Kocha wao, Hank Iba, alikuwa mzee aliyekwisha kuleta nyumbani nishani za dhahabu za 1964 na 1968, naye aliamini mchezo wa polepole, wa kulinda sana na kurusha kwa nadra. Warusi walikuwa watu wazima waliozoeana miaka mingi. Kwa maandishi walikuwa askari au wanafunzi, lakini kila mtu alijua kwamba kazi yao ya kila siku ilikuwa mpira. Wamarekani wamelilalamikia jambo hilo mara nyingi, na malalamiko yao yana haki ndani yake. Lakini hali hiyo ilikuwapo pia mwaka wa 1952, na 1956, na 1960, na 1964, na miaka hiyo yote Wamarekani walishinda wala hawakuona tatizo. Kwa hiyo hoja hiyo tuiweke kando.

Sasa tuitazame mechi. Kwa dakika arobaini, kasoro sekunde tatu, Wamarekani hawakupata kuongoza hata mara moja. Ulipofika wakati wa mapumziko, Warusi walikuwa na 26, na Wamarekani 21. Sergei Belov, mchezaji wa jeshi mwenye uso mtulivu, aliwarushia mipira kana kwamba yuko mazoezini. Mwisho wa mechi alikuwa amejipatia alama 20 peke yake. Katika nusu ya pili Dwight Jones wa Marekani na Korkia wa Urusi waligombana, na wote wawili wakatolewa. Mara baadaye Jim Brewer, nguzo nyingine ya Marekani, akaanguka vibaya na kuumia. Zikiwa zimesalia dakika chini ya kumi, Warusi walikuwa mbele kwa alama kumi.

Ndipo vijana wa Marekani wakauacha mwendo wa polepole wa mzee wao. Wakaanza kuwasonga Warusi uwanja mzima, wakawanyang'anya, wakakimbia. Pengo likapungua, mpaka Jim Forbes alipotia mpira kikapuni, hesabu ikawa 49 kwa 48, na nusu dakika na ushei tu imesalia. Warusi walikuwa na mpira. Wangeweza kuutunza, lakini Alexander Belov (si ndugu yake Sergei, ni jina tu) alirusha, Tom McMillen akauzuia mrusho wake. Belov akaupata tena, na badala ya kuushika akampa Sakandelidze pasi ya ovyo. Doug Collins akauchopoa mpira katikati ya uwanja, akakimbia nao mpaka chini ya kikapu. Sakandelidze akamwangusha, na Collins akagonga nguzo ya kikapu, akalala chini amepigwa na bumbuazi. Saa ilionyesha sekunde tatu.

Collins alipewa mirusho miwili ya adhabu. Wa kwanza uliingia: 49 kwa 49. Akaushika mpira kwa mrusho wa pili, na hapo hapo, mikono yake imekwisha kuinuka, king'ora kikalia mezani pa watunza saa. Collins hakutishika. Akarusha, mpira ukaingia: Marekani 50, Muungano wa Kisovieti 49. Ndiyo mara ya kwanza Marekani kuwa mbele usiku ule.

Nakuomba, msomaji, ukiweke akilini kile king'ora, maana kesi nzima inakitegemea.

Kanuni za siku zile zilisema hivi: kocha akitaka mapumziko mafupi wakati wa mirusho ya adhabu, aweza kupewa kabla ya mrusho wa kwanza, au baina ya wa kwanza na wa pili. Mrusho wa pili ukisha kuingia, mpira uko hai, na nafasi ya kuomba imepita. Kocha wa Warusi, Vladimir Kondrashin, alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba aliomba mapumziko kwa wakati, na kwamba alitaka apewe baina ya mirusho miwili. Mapumziko hayo hayakutolewa. Mrusho wa pili ulipokwisha, Warusi wakauingiza mpira uwanjani, Sergei Belov akaanza kukimbia nao, huku msaidizi wa Kondrashin yuko mezani akipiga makelele. Mwamuzi mmoja, Renato Righetto wa Brazil, alipoiona ghasia ile akasimamisha mchezo. Saa ilionyesha sekunde moja.

Yaliyofuata hayakupata kuonekana kabla yake. Kutoka kwenye viti vya watazamaji akashuka bwana mmoja mwenye cheo, William Jones, Mwingereza, katibu mkuu wa shirikisho la mpira wa vikapu la dunia, ambaye alikuwa mmoja wa waliolianzisha shirikisho hilo mwaka wa 1932 na aliyeliendesha tangu hapo. Akainua vidole vitatu. Saa irudishwe sekunde tatu. Kanuni za mchezo hazikumpa katibu mkuu madaraka yo yote juu ya mechi inayochezwa. Madaraka hayo ni ya waamuzi. Lakini ni nani mezani pale angethubutu kumwambia mkubwa wa mpira wa dunia nzima kwamba arudi akakae?

Warusi wakaingiza mpira mara ya pili, na Kondrashin alikuwa amekwisha kumleta Edeshko uwanjani, kijana mwenye mkono wa kurusha mbali. Lakini watunza saa walikuwa hawajamaliza kuirekebisha saa yao. Ubao ulionyesha sekunde hamsini, jambo lisilo na maana yo yote. Mpira ulitupwa ukakosa, king'ora kikalia, na Wamarekani wakaanza kurukaruka na kukumbatiana, watu wakamiminika uwanjani. Wakaambiwa watulie. Saa ilikuwa haijarekebishwa mchezo ulipoanza, kwa hiyo sekunde tatu zile zirudiwe tena.

Mara ya tatu Edeshko alisimama nyuma ya mstari chini ya kikapu cha timu yake. McMillen, mtu mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, alikuwa amesimama mbele yake akipunga mikono. Mwamuzi wa pili, Artenik Arabadjian wa Bulgaria, alitoa ishara kwa mkono, na McMillen akaifahamu kuwa ni amri ya kurudi nyuma, akarudi. Edeshko akapata nafasi. Akaurusha mpira uwanja mzima, kutoka mwisho mpaka mwisho, na Alexander Belov, yule yule aliyetoa pasi ya ovyo muda mfupi kabla yake, akaruka baina ya Kevin Joyce na Jim Forbes. Joyce akapitiliza, Forbes akaanguka, na Belov akabaki peke yake chini ya kikapu, mpira mikononi. Akauweka ndani. 51 kwa 50.

Hayo ndiyo mambo yalivyokuwa. Sasa tuyapime.

Hoja ya kwanza ya Wamarekani ni kwamba mechi iliisha mara mbili nao wakiwa mbele. Hoja hii inasikika vizuri, lakini sehemu yake moja ni dhaifu. Ile mara ya pili, saa ilipoonyesha hamsini, haiwezi kuhesabiwa kwa upande wo wote. Kama saa haikuwa tayari, mchezo haukustahili kuanzishwa, na sekunde zisizopimwa si sekunde. Lau Warusi wangalifunga katika jaribio lile, Wamarekani wangalilipinga kwa sababu hiyo hiyo, nao wangalikuwa na haki. Kwa hiyo ukikubali kwamba Warusi walistahili sekunde tatu, hapana budi ukubali na marudio ya tatu. Jambo zima linaishia katika amri moja tu, ile ya vidole vitatu.

Je, amri ile ilikuwa ya haki? Hapa ndipo king'ora kinapokuja kutoa ushahidi. Ikiwa Kondrashin hakuomba kitu, watu wa mezani walipiga king'ora kwa ajili gani wakati Collins ameinua mikono? Hapana mtu apigaye king'ora wakati kama ule kwa mchezo. Yaelekea kwamba meza ilikuwa imepokea ombi, ikachelewa kulitekeleza, au haikufahamu lilitakiwa lini. Mimi naamini kwamba Kondrashin aliomba. Na kama aliomba kwa wakati, kosa lilikuwa la meza, na Warusi walikuwa na haki ya kudai lirekebishwe.

Lakini angalia jinsi lilivyorekebishwa. Mapumziko yale yalitakiwa baina ya mirusho miwili. Kama tulitaka kuirudisha mechi mahali ilipokosewa, ilipasa irudi pale pale, na mrusho wa pili wa Collins urudiwe. Pengine angalikosa, na hesabu ingalibaki 49 kwa 49. Lakini mrusho ule uliachwa uhesabiwe, kisha Warusi wakapewa sekunde zao tatu pamoja na nafasi ya kupumua, kushauriana na kumwingiza Edeshko baada ya mrusho wa pili, wakati ambao kanuni hazikuruhusu. Kwa maneno mengine, kosa la meza lilisahihishwa nusu, na nusu ile iliyosahihishwa iliwafaa Warusi. Na kama tukishika njia nyingine, tukasema ombi halikuwa halali, basi ilibaki sekunde moja tu, ile aliyoisimamisha Righetto. Katika sekunde moja, Belov asingepata muda wa kuudaka mpira, kusimama imara, na kuuweka kikapuni.

Hiyo ndiyo sababu Righetto, mwamuzi mkuu wa mechi, alikataa kutia sahihi yake katika karatasi ya matokeo. Hakuwa Mmarekani, wala hakuwa na faida yo yote katika kukataa. Ushahidi wa mtu kama huyo huwa mzito kuliko kelele za mshabiki.

Wamarekani walikata rufani. Waliketi watu watano kusikiliza, kutoka Hungaria, Poland, Cuba, Italia na Puerto Rico, chini ya Ferenc Hepp wa Hungaria. Rufani ikatupwa, na tangu siku ile imesemwa kwamba kura zilikuwa tatu kwa mbili, zile tatu zikiwa za nchi rafiki za Moscow. Wamarekani wengi huishia hapo, wakaona kesi imekwisha: walihukumiwa na maadui zao. Wewe mwanafunzi wa historia usikubali kuishia hapo. Ni kweli kwamba baraza lililoundwa namna ile halingeweza kuaminiwa, na waliolichagua wangalifikiri zaidi. Lakini mtu mwenye upendeleo aweza kutoa hukumu ya haki, kama vile saa iliyosimama ilivyo sahihi mara mbili kila siku. Kujua kwa nini hakimu alipiga kura yake hakutuambii kama kura ile ilikuwa sawa. Swali la sekunde tatu laendelea kusimama peke yake, na yatupasa tulijibu kwa ushahidi wa uwanjani.

Kabla sijasema hukumu yangu, tubaki Munich siku ile ile ya tarehe 10 Septemba. Saa chache baada ya Warusi kukabidhiwa ushindi, Wakenya wanne, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walisimama katika uwanja mkubwa kwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Marekani, ambayo ingalitazamiwa kushinda, haikuwapo. Vincent Matthews na Wayne Collett, waliokuwa wa kwanza na wa pili katika mita 400, walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya namna walivyosimama jukwaani huku wimbo wa taifa lao ukipigwa. Na mwenzao John Smith alikuwa ameumia mguu. Wamarekani wakakosa watu wanne. Na mtu wa tatu aliyesimama juu ya jukwaa lile siku ya aibu ile, amevaa nishani ya shaba, alikuwa Sang wetu.

Katika mbio hizo Mjerumani Karl Honz alikimbia mbele ya wote katika mzunguko wa mwisho, akachoka. Sang akampita, na Kenya ikashinda kwa dakika 2 na sekunde 59.8, Uingereza ya pili, Ufaransa ya tatu. Sasa nakuuliza swali lisilopendeza. Mwaka wa 1968, kule Mexico, Wakenya Daniel Rudisha, Nyamau, Naftali Bon na Asati walikuwa wamekimbia mbio hizo hizo kwa dakika 2 na sekunde 59.6, muda mfupi kidogo kuliko ule wa Munich, na walipata nishani ya fedha tu, kwa kuwa Wamarekani walikuwako. Je, dhahabu ya 1972 ilistahiliwa? Mkenya ye yote atajibu haraka kwamba ndiyo, na mimi pia. Lakini usijibu kwa sababu ni yetu. Jibu kwa sababu hakuna Mkenya aliyemfukuza Matthews, wala aliyemvunja Smith mguu, wala aliyeigusa saa. Walioandikishwa kukimbia walikimbia, bunduki ikalia mara moja, na waliofika mbele walifika mbele. Kutokuwapo kwa mshindani hodari hakumwondolei mshindi haki yake. Ukiishika hoja hiyo kwa Wakenya, ishike na kwa Warusi: Walton hakuwapo Munich, na hilo si kosa la Kondrashin.

Tofauti iko mahali pengine. Katika mbio zetu hakuna mtu aliyeshuka kutoka viti vya watazamaji kuamua jambo ambalo si kazi yake.

Basi, hukumu yangu ni hii. Kwa mchezo walioucheza, Warusi walistahili. Timu iliyokuwa mbele dakika thelathini na tisa na sekunde hamsini na saba, tena mbele ya watu wasiokuwa wamepata kushindwa, haikuwa timu ya wezi. Na wale wanaosema dhahabu iliibwa wanazisahau dakika hizo zote kwa ajili ya sekunde tatu. Mzee Iba alikuwa na wakimbiaji, akawafunga kamba karibu usiku mzima. Alipowafungulia, tuliona walichoweza. Wala pasi ya Edeshko na mruko wa Belov havikuwa bahati. Katika sekunde tatu zile Wamarekani walikuwa na wachezaji watano wa kulilinda jambo moja tu, na hawakulilinda. Walakini nishani yao waliipokea kwa mkono wa mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuwapa, na kwa sahihisho la nusu nusu. Mchezaji aliyestahili alinyimwa ushindi ulio safi, na mchezaji aliyeshindwa alinyimwa kushindwa kulio safi. Lawama hiyo naiweka juu ya William Jones na meza ya watunza saa. Laiti angalibaki kitini, waamuzi wangaliamua, kwa haki au kwa makosa, na leo tungekuwa tunazungumza juu ya kosa la mwamuzi, jambo ambalo kila mchezo unalijua na kulivumilia.

Wenzangu wengine hawatakubali. Watasema kwamba mechi ni dakika arobaini zote, na kwamba mtu hawezi kustahili kwa mchezo bila ya kustahili kwa kanuni, kwa kuwa pasipo kanuni hakuna mchezo. Hoja yao ina nguvu, na ukiifuata utafika mwisho mwingine usio wangu. Nakuachia uipime. Lakini kumbuka kuipima pia na mwaka wa 1988, mjini Seoul, ambako timu hizo mbili zilikutana tena katika nusu fainali. Warusi walishinda kwa 82 kwa 76. Hakukuwa na king'ora, wala vidole vitatu, wala rufani. Na mwaka uliofuata shirikisho la dunia likawaruhusu wachezaji wa kulipwa, ili mwaka wa 1992 Marekani ikapeleka Barcelona watu wake hodari kuliko wote.

Wa wale waliocheza Munich, Alexander Belov hakuishi sana. Ugonjwa wa moyo ulimchukua mwaka wa 1978, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Sergei Belov ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980. Katika Urusi ya leo ushindi ule ni hadithi ya mashujaa. Filamu iliyotolewa mwaka wa 2017 juu yake ilijaza majumba ya sinema nchi nzima.

Wamarekani nao, asubuhi ile walipoambiwa rufani imetupwa, walipiga kura wenyewe kwa wenyewe, na wote kumi na wawili wakasema hapana. Sherehe ya kutoa nishani ilipofanywa, mahali pa washindi wa pili palikuwa patupu. Nahodha wao, Kenny Davis, aliandika katika wasia wake kwamba mkewe na watoto wake wasiipokee nishani ile hata baada ya kufa kwake. Nishani kumi na mbili za fedha zimewekwa Lausanne, Uswisi, na hakuna hata mmoja wa wenyewe aliyekwenda kuichukua yake.